Wasomaji Wapo, Oda Hazionekani: Nifanye Nini na Blogu Yangu ya Viungo?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Tanga mjini, na kwa miaka minne sasa ninauza viungo vya chakula. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga ninazinunua kwa wakulima wa Muheza, na viungo vya pilau na masala ya chai ninasaga na kufungasha mwenyewe hapa nyumbani. Nilianza kwa kuwauzia majirani na wenzangu wa kikoba, kisha binti wa dada yangu akanifungulia blogu, nikawa ninaandika humo mapishi na habari za viungo. Kuandika ninakupenda, na usiku watoto wakishalala ndiyo saa ninayoisubiri kutwa nzima.

Mwaka jana nilihudhuria semina ya siku moja ya masoko ya mtandaoni, tukafundishwa kwamba mfanyabiashara anayetaka kukua ni lazima aonekane kila mahali na kila siku. Tangu siku hiyo sijapumzika. Nina akaunti Instagram, Facebook, TikTok na X, nimo katika makundi kumi na moja ya WhatsApp ya wafanyabiashara, na ninatumia programu moja ya kutengeneza mabango, nyingine ya kupanga saa za machapisho, nyingine ya kutuma barua pepe na nyingine ya kutafuta maneno yanayotafutwa sana. Baadhi ninazilipia kwa dola, na nikijumlisha na bando, shilingi 85,000 hivi hunitoka kila mwezi. Blogu hupata wasomaji kati ya 40 na 60 kwa siku, na makala inayoongoza ni ile niliyoiita "Maajabu ya Mdalasini Mwilini". Hata hivyo, mwezi uliopita nilipata oda tisa tu, na saba kati ya hizo zilitoka kwa wateja wangu wa zamani.

Jambo lililoniuma zaidi ni hili. Mama mmoja wa Mwanza aliniandikia akiuliza kilo moja ya mchele inahitaji vijiko vingapi vya viungo vyangu vya pilau. Nilikuwa katikati ya kutengeneza video, nikasema nitamjibu baadaye, na nilipokumbuka zilikuwa zimepita siku mbili. Nilimjibu, akausoma ujumbe wangu, hakuandika tena.

Sasa kuna kijana anayejitambulisha kama mtaalamu wa masoko, ananiambia nimlipe shilingi 450,000 aniletee wafuasi 10,000 na aniunganishie programu ya akili mnemba itakayoniandikia makala thelathini kila mwezi. Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mume wangu anasema nifunge blogu nibaki na duka la nyumbani. Naomba unishauri: nimlipe huyu kijana? Ni zana zipi hasa zinamfaa mtu mdogo kama mimi? Na blogu, niiache au niendelee nayo? Nimekutumia linki yake, lakini tafadhali usilitaje jina.

Muuza Viungo, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uchovu unaosikika katika kila aya ya barua yako. Blogu yako nimeifungua kwa simu ya kawaida na bando la kawaida, kwa sababu ndivyo wateja wako wanavyoifungua, na nitakueleza kwanza nilichokiona humo kabla sijayajibu maswali yako.

Blogu usiifunge. Unaandika vizuri. Mahali ulipoeleza jinsi mkulima anavyolikwangua gome la mdalasini, akalibandua taratibu kwa kisu na kulianika mpaka lijikunje lenyewe, nilitamani kununua pale pale. Nikashuka mpaka mwisho wa makala nikitafuta bei, sikuiona. Nikatafuta namba ya simu, haikuwepo. Niliipata baadaye katika ukurasa wa "Kuhusu Mimi", chini ya historia yako ya shule, na bei nilipoitafuta katika Instagram nilikutana na maneno "bei njoo inbox". Mwanangu, umemtembeza mteja mwenye hamu vyumba vitatu, kisha umemwambia asubiri mlangoni. Wengi hawasubiri, na wala hawakuambii kwamba wameondoka. Kila makala inayohusu bidhaa unayoiuza inapaswa kuwa na picha ya pakiti, uzito wake kwa gramu, bei yake, namna unavyosafirisha mikoani na namba ya WhatsApp, yote katika ukurasa ule ule. Bei ikibadilika, utairekebisha kwa dakika moja.

Hilo la kwanza ni jepesi. La pili linahitaji utulivu zaidi, nalo linahusu wale wasomaji 40 mpaka 60 wa kila siku. Umewahi kujiuliza wanakuja kutafuta nini? Google ina zana ya bure inayoitwa Search Console, ambayo mwenye blogu akishathibitisha kwamba ukurasa ni wake, humwonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kuiona blogu yake katika matokeo, mara ngapi ilionekana, mara ngapi ilibofywa na ilikuwa nafasi ya ngapi, kwa kipindi cha hadi miezi 16 iliyopita. Katika zana zote ulizonitajia hii haimo, na mimi ningeacha nyingine zote kabla sijaiacha hii. Muombe yule binti wa dada yako akuunganishie, kisha usome yale maneno polepole. Nina hakika kubwa kwamba kwa kichwa kama "Maajabu ya Mdalasini Mwilini", utakuta wanaokuja wameandika "mdalasini unatibu nini" au "dawa ya kisukari". Hao ni watu wenye shida ya kweli, lakini hawatafuti viungo vya pilau, na ndiyo maana wanasoma na kuondoka.

Hapa naomba nikuonye kwa upendo, maana niliona aya moja imeanza kuelekea huko. Usiahidi tiba. Mtu anayeumwa kisukari akiacha dawa za hospitali kwa sababu ya sentensi uliyoiandika usiku ukitafuta wasomaji, hakuna oda itakayokulipa mzigo huo. Iondoe aya hiyo leo, kabla ya kufanya jambo jingine lolote katika haya ninayokwambia.

Makala hiyo unaweza kuigeuza ikamfaa mnunuzi. Mtu anayetaka kununua mdalasini huuliza mambo ya mnunuzi: nitautambuaje ulio mzuri, unauzwaje, unakaa muda gani, nikiusaga nitumie kiasi gani. Basi kichwa kiwe "Jinsi ya kutambua mdalasini wa kweli unaponunua", na ndani yake weka picha mbili zilizopigwa kwa karibu, moja ya mdalasini wa kweli wenye tabaka nyingi nyembamba zilizojikunja pamoja kama karatasi, ambao huvunjika kwa vidole, na nyingine ya kasia (cassia), jamaa ya mdalasini, ambao gome lake ni nene na gumu na hujikunja mkunjo mmoja. Wewe vyote viwili umevishika kwa mikono yako. Mtu wa semina hajavishika. Msomaji wa makala hiyo atakuwa na pesa mkononi na shaka moyoni, na wewe utakuwa umemwondolea shaka.

Maneno ya vichwa vyako yachukue katika vinywa vya wateja, hata pale wanapokosea. Wewe unaandika "binzari nyembamba" kwa sababu ndilo jina sahihi, na ulitumie, lakini kama wateja wako wa bara huuliza "jira", basi jina hilo pia litaje ndani ya makala, kwa kuwa Google humletea mtu ukurasa unaozungumza lugha aliyoiandika. Ile programu ya kutafuta maneno unayoilipia kwa dola hutegemea zaidi lugha zenye matangazo mengi, na kwa Kiswahili ujumbe wa WhatsApp wa wateja wako ni hazina kubwa kuliko hiyo. Upitie ujumbe wa miezi sita iliyopita, uandike kila swali lililoulizwa zaidi ya mara moja. Hiyo ndiyo ratiba yako ya makala za mwaka mzima.

Sasa nikupe jambo moja dogo ambalo halina gharama yoyote na litakupa jibu ambalo zana zote ulizonazo hazijakupa, yaani oda zinatoka wapi. WhatsApp inaruhusu kutengeneza linki ambayo mtu akiibofya, mazungumzo na wewe hufunguka yakiwa tayari na ujumbe ulioandikwa. Linki hiyo huanza na wa.me, kisha mkwaju (/), kisha namba yako ukianzia na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Baada ya namba huja alama ya kuulizia, neno text, alama ya sawasawa, kisha maneno unayotaka, na kila nafasi kati ya neno na neno huandikwa %20. Chini ya makala ya mdalasini weka linki yenye maneno "Nimesoma makala ya mdalasini, naomba kuagiza". Ya pilau iwe na maneno yake, ya Instagram nayo iwe na yake. Mteja atabofya, ataona ujumbe umeshaandikwa, atautuma, nawe utajua papo hapo ametoka mlango gani.

Kisha nunua daftari la kawaida la dukani na ulichoree safu nne: tarehe, mteja ametoka wapi, ameuliza nini, amenunua au hakununua. Anayepiga simu muulize kwa heshima, "Samahani, umetufahamu wapi?" Fanya hivyo kwa miezi miwili bila kuruka siku. Nakusihi usilidharau daftari hili kwa sababu halina grafu. Oda tisa kwa mwezi ni chache mno kwa programu za takwimu kukuambia jambo la maana, lakini ni nyingi vya kutosha kwa mtu anayeandika kila moja na kuifikiria.

Kuhusu kuonekana kila mahali, semina ile ilikufundisha habari za makampuni yenye idara nzima ya watu wa kazi hiyo. Wewe ni mtu mmoja, na ndiye msagaji, mfungashaji, mpiga picha na mpeleka mizigo stendi. Chagua mtandao mmoja ambako daftari litaonyesha wateja wako wapo, na mingine uiache kwa ujumbe mfupi unaoelekeza kwenye blogu na namba yako. Makundi kumi na moja nayo yapunguze: katika kundi ambalo wote ni wauzaji, nani atanunua? Na unakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita? Siku ile waliokuwa na duka ndani ya mitandao hiyo peke yake walifunga bila kupenda. Blogu ni uwanja wako mwenyewe, hasa ukiwa na jina lako la tovuti linaloishia na .co.tz, ambalo ningependa ulilipie wewe na lisajiliwe kwa jina lako, si kwa jina la fundi wala la mpwa wako. Mitandao ni barabara tu zinazofika hapo.

Pamoja na blogu, tunza orodha ya wateja. Nadhani barua pepe zako hazifunguliwi sana, na nisingeshangaa, kwa sababu wateja wako wanaishi katika WhatsApp. Programu hiyo ya barua pepe isimamishe mpaka utakapopata wateja wa mahoteli au wa nje wanaoitumia. Katika WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, tumia katalogi kwa bei na picha, tumia lebo kutofautisha mteja mpya, aliyelipa na anayesubiri mzigo, na tumia orodha ya brodikasti, yaani ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, kila mmoja peke yake, ambayo hupokea hadi watu 256 kwa orodha moja. Fahamu tu kwamba ujumbe wa brodikasti humfikia yule aliyeihifadhi namba yako katika simu yake, kwa hiyo kila unapotuma mzigo weka ndani ya pakiti kikaratasi chenye jina na namba yako, na umwombe mteja aihifadhi ili umjulishe mzigo mpya wa iliki ukifika. Ujumbe mmoja au miwili kwa mwezi unatosha. Na yeyote unayemweka katika orodha awe amekubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa yake binafsi hata kama aliyeiandika katika daftari ni wewe. Ulizia pia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni, kwa kuwa kanuni za mwaka 2018 ziliwagusa wanablogu na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Usitegemee maneno ya makundini, waulize wenyewe kama blogu ya aina yako inahusika.

Picha zako ni nzuri lakini ni nzito mno. Makala ya masala ya chai ina picha nane, na kama kila moja ina megabaiti 4 kama zinavyotoka katika simu, msomaji anapakua megabaiti 32 ili asome mapishi ya chai. Kuna zana ya bure inayoitwa Squoosh, hufunguliwa katika kivinjari, ambayo hupunguza picha kama hizo mpaka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti kubwa. Ifanye kazi hiyo kwa makala kumi zinazosomwa zaidi, nyingine zisubiri. Mabango yatengeneze kwa Canva ya bure, na machapisho ya Instagram na Facebook yapange kwa Meta Business Suite, nayo ni ya bure. Ukifanya hivyo, sioni sababu ya kuendelea kulipa dola kwa mwezi.

Sasa huyo kijana. Usimlipe. Wafuasi 10,000 wa kununuliwa ni akaunti ambazo hazipiki pilau. Hawatanunua, hawatauliza, na kwa kuwa hawagusi machapisho yako, mtandao wenyewe utaona kwamba unayoyaweka hayavutii watu, na wafuasi wako wa kweli wataonyeshwa kidogo kuliko sasa. Makala thelathini za akili mnemba ni hatari ya namna nyingine. Mwezi Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupanda katika matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu, na blogu inayokutwa na kosa hilo inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Sisemi usiiguse akili mnemba. Ikusaidie kusahihisha tahajia au kufupisha maelezo marefu kama unaona inakusaidia. Lakini haijafika Muheza, haijanusa iliki iliyokauka vibaya, na mteja wako anahitaji kuambiwa na mtu aliyeinusa. Mjibu kwa adabu kwamba hutaendelea, wala usikubali akuwekee Ijumaa kama mwisho. Shilingi 450,000 ukiwa nazo, toa sehemu ndogo ulipie jina la .co.tz, nunua mzani mzuri ikiwa wa sasa unakudanganya, nyingine ziweke katika mzigo.

Mume wako usimwone kama adui wa blogu. Anachokiona ni mkewe anayekesha na pesa inayotoka bila kurudi, na hilo ni kweli. Mwonyeshe daftari kila mwisho wa mwezi. Mkubaliane juu ya saa za kazi: kwa mfano, makala moja kwa wiki, machapisho matatu kwa wiki, na nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa ajili ya kujibu ujumbe, ambayo haiguswi na video wala bango. Kati ya kazi zote za masoko, hiyo ya kujibu ndiyo niliyoiona ikileta pesa haraka zaidi kwa wafanyabiashara wadogo, na ndiyo inayoachwa kwanza mtu anapozidiwa.

Tukirudi kwa mama wa Mwanza: hajapotea. Alikuuliza swali ambalo wapishi wengi wanaotumia viungo vyako wangependa kuliuliza, na hakuna mtu mwingine anayeweza kulijibu, kwa kuwa mchanganyiko ni wako. Kesho pika kilo moja ya mchele kwa viungo vyako, pima kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa, mara ya kwanza kwa kiasi unachokitumia nyumbani na mara ya pili kwa kiasi kidogo zaidi kwa wasiopenda ukali, na upige picha ya kijiko kikiwa mbele ya pakiti. Andika makala fupi yenye kichwa "Kilo moja ya mchele inahitaji vijiko vingapi vya viungo vya pilau?", uiwekee bei na ile linki ya WhatsApp mwishoni. Kisha mwandikie yule mama: "Shikamoo mama, samahani kwa kuchelewa kukujibu vizuri. Swali lako limenifanya nipime upya na niliandike jibu lake kamili, hili hapa." Umtumie.